Ndovu Wawili: Uhakiki wa Imani Kuhusu Sarafu za Kale Mpakani mwa Bwera

Utangulizi

Mjomba wangu anaishi Ibanda, chini ya Mlima Rwenzori, si mbali na Nyakalengija ambako wapanda mlima huanzia safari yao. Kwa miaka mingi alitunza sarafu moja ya manjano yenye picha ya ndovu, aliyoachiwa na babu. Siku moja alikuja dalali, akaitazama, akaipima kiganjani, akasema ni dhahabu ya Mjerumani. Mnunuzi yuko Kampala, alisema, na fedha zake ziko tayari. Kilichobaki ni ada ya kuipima kwa mashine. Mjomba aliuza magunia matatu ya kahawa, mavuno ya msimu mzima, akalipa. Dalali akarudi na habari kwamba mashine imekubali, ila sasa inatakiwa ada ya kibali. Hapo fedha zilikuwa zimekwisha. Simu ya dalali nayo ikazimwa.

Niliporudi nyumbani likizo nilipewa sarafu hiyo niitazame. Ina pande sita. Imeandikwa kwa Kifaransa na Kiholanzi jina la benki ya Kongo ya Ubelgiji, thamani ya faranga 2, na mwaka 1943. Maandishi hayo hayakufichwa na mtu. Yalikuwa pale siku zote, lakini kila aliyeishika alikuwa amekwisha kusikia hadithi, na hadithi ikasoma sarafu kwa niaba yake.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunafundishwa kuhakiki matini: nani anasema, anamwambia nani, lini, kwa kusudi gani. Mara nyingi tunaishia kwenye riwaya na mashairi, kana kwamba matini nyingine hazistahili. Katika insha hii ninachukua sarafu na noti za kale kuwa matini, na imani zinazozizunguka kuwa usomaji mbaya wa matini hizo. Nitajadili imani sita zinazosikika Kasese, Bwera na ng'ambo ya pili, Kasindi. Kisha nitauliza kwa nini watu wenye akili timamu wanaziamini, maana uhakiki unaoishia kuwacheka watu haujamaliza kazi yake.

Imani ya kwanza: Sarafu ya ndovu ni dhahabu ya Mjerumani

Imani hii ina mbegu ya ukweli, na ndiyo maana ina nguvu. Sarafu ya dhahabu yenye ndovu ipo kweli. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, meli za Waingereza ziliifungia Afrika Mashariki ya Wajerumani njia ya bahari, na sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe: hela za shaba, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Hizo za dhahabu hazikuzidi sana 16,000. Zina ndovu aliyeinua mkonga, maandishi ya Kijerumani, na herufi T ya Tabora.

Mbegu ya pili ya ukweli ni kwamba mnamo Septemba 1916 Tabora ilitekwa na jeshi la Kongo ya Ubelgiji. Kwa hiyo mtu akisema kwamba askari aliyerudi Kongo huenda alibeba sarafu ya Tabora mfukoni, hasemi jambo lisilowezekana.

Lakini ndovu wa mjomba ni mwingine. Mwaka 1940 Ubelgiji ilivamiwa na Ujerumani, na koloni lake la Kongo likabaki bila mahali pa kupigia sarafu. Faranga 2 za mwaka 1943 zilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa shaba ya njano, nazo zilikuwa mamilioni. Sarafu nyingine za Kongo za miaka ya 1940, za duara, zina ndovu pia. Hizi ndizo zilizovuka Mto Lhubiriha mifukoni mwa wafanyabiashara wa samaki, chumvi na kahawa, zikaishia ndani ya mikebe ya nyumba zetu.

Ndovu hawa wawili wanasimulia kisa kinachofanana: koloni lililokatwa na vita lisipate fedha kutoka kwa mkoloni wake. Tofauti yao ni madini na idadi, na kwa mnunuzi tofauti hizo mbili ndizo kila kitu. Anayesoma maandishi huwatenganisha kwa dakika moja, bila mashine yoyote.

Imani ya pili: Kitu kikiwa cha kale kina bei

Hii ndiyo mama wa imani zote. Katika soko la Mpondwe utasikia mtu akisema, "Hii ni ya wakati wa mkoloni," kana kwamba ametaja bei.

Tuchukue shilingi yenye simba, ambayo karibu kila ukoo wa zamani unayo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, ilianza kuitoa mwaka 1921 kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ya mwanzo ilipigwa kwa makumi ya mamilioni. Sasa ina umri wa miaka 100 na zaidi, lakini waliozihifadhi ni wengi na wanaozitafuta ni wachache. Umri peke yake haumsukumi mtu kutoa fedha. Jiwe la mto ni la kale kuliko sarafu yoyote na hakuna anayelinunua.

Bei huzaliwa mambo matatu yakikutana: uchache wa kitu, hali yake, na watu wanaokitaka. Umri husaidia tu pale unapopunguza idadi ya vilivyobaki. Kitu cha mwaka 1916 kilichotengenezwa mara 16,000 na kitu cha mwaka 1924 kilichotengenezwa mara milioni nyingi havitembei njia moja, hata kama vyote vimemzidi bibi umri.

Imani ya tatu: Mfalme aliyetawala siku chache, sarafu zake ni adimu

Imani hii ni ya waliosoma kidogo, nayo ni hatari zaidi kwa sababu inaanza na historia ya kweli. Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza alipokea ufalme Januari 1936 akauacha Desemba mwaka huohuo. Sarafu zenye jina lake ni chache duniani, na baadhi yake ni zetu: senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile zenye tundu katikati. Kwa kuwa sarafu za tundu zilikuwa na taji na jina bila kichwa cha mfalme, zilipigwa mapema na kuingia sokoni kabla hajajiuzulu.

Msomaji wa haraka anahitimisha hivi: alitawala miezi michache, basi sarafu ni chache. Hapo anachanganya muda wa utawala na kazi ya mtambo. Mtambo wa sarafu haupumziki kwa sababu mfalme ana mashaka. Sarafu hizo zilipigwa kwa mamilioni. Zina kisa kizuri cha kusimulia, na mkusanyaji anayeanza hufurahi kuipata moja, lakini hazimjengei mtu nyumba ya mabati. Hapa tunajifunza kuwa uzuri wa kisa na uchache wa kitu ni mambo mawili yanayopaswa kuthibitishwa kila moja peke yake.

Imani ya nne: Fedha ni fedha

Hapa lugha yetu yenyewe inashiriki katika udanganyifu. Kiswahili kinatumia neno moja, fedha, kwa madini meupe na kwa pesa ya kununulia. Bwera nimesikia hoja ikijengwa juu ya neno hilo: hii ni fedha ya zamani, fedha ya zamani ilikuwa fedha kweli, basi iyeyushwe.

Sarafu yenyewe inajibu. Shilingi za simba hadi mwaka 1946 zilikuwa na robo moja tu ya madini ya fedha. Robo tatu zilizobaki ni madini ya kawaida. Sarafu nzima ina uzito usiofika gramu 8, hivyo fedha halisi ndani yake haifiki gramu 2. Kuanzia mwaka 1948 hata robo hiyo iliondolewa ikawekwa shaba na nikeli. Mwaka huo una alama nyingine ya kusomeka. India ilipopata uhuru mwaka 1947, mfalme wa Uingereza hakuwa tena kaisari wa India, na maneno ya Kilatini yaliyotaja cheo hicho yakaondoka kwenye sarafu. Kwa hiyo mtu asiyejua lolote kuhusu madini anaweza kusoma maandishi ya ukingoni akakadiria kilichomo ndani. Siasa ya Delhi imeandikwa kwenye shilingi iliyonunua chumvi ya Katwe.

Lugha hiyohiyo inayotupotosha ndiyo pia hazina yetu. Pesa ni paisa ya Wahindi. Hela ni sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, mia moja zikiwa rupia moja. Sente, tunavyosema Uganda, ni senti ya Mwingereza. Waganda wanaita pesa ensimbi, yaani kauri, zile simbi za pwani. Ukivuka kwenda Kasindi utasikia feza na franga, na hata makuta, jina la sarafu ndogo zilizoletwa Kongo mwaka 1967. Nyingi ya fedha hizo zimekufa sokoni lakini zinaishi midomoni mwetu, na hazimdai mtu ada ya kupima.

Imani ya tano: Ing'arishe kwanza ndipo uiuze

Mwenye sarafu chafu huisugua kwa majivu, mchanga au limau ili mnunuzi avutiwe. Ni desturi ya adabu, kama mtu anavyoosha ndizi kabla ya kuzipanga sokoni. Kwa mkusanyaji ni uharibifu. Weusi ule uliotanda juu ya sarafu ni sehemu ya umri wake na ushahidi kwamba haijachezewa. Ukiusugua, mchanga huacha mikwaruzo isiyofutika na limau hula ngozi ya madini. Sarafu ambayo ingepata bei ya wastani inabaki bei ya chuma chakavu.

Imani hii haina tapeli nyuma yake. Hakuna anayefaidika nayo. Inatokana na nia njema, na kwa sababu hiyo imeharibu urithi mwingi zaidi kuliko madalali wote wa mpakani, maana dalali wa mjomba alichukua kahawa lakini sarafu aliiacha salama.

Imani ya sita: Sarafu yenye nguvu, na mashine isiyosema uongo

Wapo wanaodai kwamba rupia halisi huvuta punje za mchele, huzima tochi, au ina zebaki nyekundu ndani yake. Sitapoteza karatasi nyingi hapa. Sumaku haivuti mchele, na kipande cha madini hakizimi betri. Inatosha kukumbuka kuwa imani hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu, na watu wakazinunua kwa bei ambazo hakuna fundi cherehani aliyewahi kuziota. Zebaki haikuwamo.

Linalohitaji uhakiki ni ile mashine ya dalali, pamoja na binamu yake mwenye heshima zaidi: cheti. Wengi huamini kwamba kitu kikipimwa na mtaalamu na kupewa karatasi, mjadala umefungwa. Mfano mzuri unatoka Marekani, ambako watu hukusanya kadi za zamani za wachezaji wa besiboli kama sisi tunavyotunza sarafu. Kadi maarufu kuliko zote ni ya mchezaji Honus Wagner, iliyotolewa na American Tobacco Company kati ya mwaka 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara. Zinazojulikana leo ni chache mno. Nakala mojawapo ilipewa daraja la juu na kampuni ya upimaji, ikauzwa kwa mamilioni ya dola. Mwaka 2013 mfanyabiashara aliyewahi kuiuza alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo ili ionekane mpya. Cheti kilikuwa cha kweli na kampuni ilikuwa ya kweli, lakini kadi ilikuwa imechezewa.

Kutoka hukohuko kuna fundisho la pili. Wamarekani waliposikia bei za kadi za kale, wengi walianza kununua kadi mpya katika miaka ya 1980 na kuziweka kabatini, wakitumaini zitawasomesha watoto. Viwanda vikachapisha bila kiasi, na kila mtu akahifadhi zake vizuri. Leo nyingi za kadi hizo hazifiki bei ya karatasi zilizochapiwa. Kitu ambacho kila mtu amekihifadhi akingoja kiwe adimu hakiwezi kuwa adimu.

Kwa nini tunaamini?

Ni rahisi kujibu kwamba watu ni wajinga au wana tamaa. Methali ipo tayari: tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini jibu hilo haliniridhishi. Mjomba si mjinga. Anajua bei ya kahawa kwa kila daraja, na hakuna anayemdanganya kwenye mzani. Nadhani sababu iko katika historia ya fedha zenyewe mpakani hapa.

Mei 1987 serikali ya Uganda ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa kama kodi. Aliyekuwa na akiba aliilaza akiwa na kitu, akaamka na kitu kingine. Ng'ambo ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1992 Zaire ya Mobutu ilitoa noti ya zaire 5,000,000. Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo Kinshasa walikuta wafanyabiashara wanaikataa, na ghasia zikazuka. Mwishoni mwa mwaka huohuo zaire 3,000,000 zikafanywa zaire 1 mpya. Noti ya milioni tano, iliyosafirishwa kwa uangalifu kutoka Beni au Butembo hadi soko la Mpondwe, haikufikia zaire mbili mpya.

Watu wa Bwera waliuza na kununua kwa fedha za pande zote mbili, na zote mbili ziliwafia mikononi. Mtu aliyeona serikali ikitamka kwamba karatasi yenye sifuri sita si kitu, kwa nini asiamini kwamba mtu mwingine, siku nyingine, anaweza kutamka kwamba kipande cha shaba ni mamilioni? Amri ya kwanza haikuwa na mantiki zaidi ya hadithi ya pili. Hadithi ya sarafu ya ndovu ni hadithi ya ufufuo: fedha zilizokufa zitafufuka na kutulipa tulichopoteza. Dalali hakuitunga. Aliikuta nyumbani, imekaa karibu na mkebe, akaipangia bei.

Ndiyo maana kuonya tu hakutoshi. Ukimwambia mzee kuwa mkebe wake hauna kitu, unamwambia pia kwamba hasara yake haitalipwa kamwe. Hilo linahitaji kusemwa kwa heshima, na kwa kumpa kitu badala yake.

Hitimisho

Kitu hicho, kwa maoni yangu, ni usomaji. Kabla ya kumsikiliza dalali yeyote, mwenye sarafu aulize maswali manne. Imeandikwa nini, na kwa lugha gani? Ni ya mwaka gani, na zilipigwa nyingi au chache? Hali yake ikoje bila kuisugua? Na la mwisho, fedha zinatoka kwa nani kwenda kwa nani? Mnunuzi ni mtu anayetoa fedha. Anayekuomba wewe fedha ni muuzaji, na anachokuuzia ni hadithi. Swali hili la nne lingeokoa kahawa yote ya mjomba hata kama hakuna mtu kijijini anayejua Kifaransa.

Upande wetu, wanafunzi na walimu wa Kiswahili, ipo kazi inayotungoja. Wazee wa Kasese na Bwera wanajua majina ya sarafu ambayo kamusi zetu hazina, na wanajua kila moja ilinunua nini: chumvi kiasi gani, kanga ngapi, siku ngapi za kibarua Kilembe mgodi wa shaba ulipofunguliwa miaka ya 1950. Maarifa hayo ndiyo adimu kweli. Hayakupigwa kwa mamilioni, na kila mwaka yanapungua bila kubakiza nakala. Kila mmoja wetu akirudi nyumbani likizo na daftari, akaomba mkebe ufunguliwe, akaandika anachosimuliwa, tutakuwa na mkusanyo ambao hakuna dalali anayeweza kuuchukua.

Mimi nimeanza na mkebe wa Ibanda. Mjomba aliniruhusu kuandika kila kilichomo: faranga ya ndovu, shilingi tatu za simba, senti za tundu saba zilizotungwa kwenye uzi, na noti mbili za Mobutu. Kuhusu ile ya ndovu aliniambia kwamba babu aliipata Kasindi, akiwa kijana, kama chenji ya samaki waliokaushwa. Nilimuuliza kwa nini hakumweleza dalali hivyo. Akasema dalali hakuuliza.